Askari Anapokuvunjia Heshima: Hatua za Kufuata kwa Kiongozi wa Jeshini

Mwongozo huu ni wa koplo aliyepandishwa cheo juzi, wa sajenti mwenye seksheni (kundi la askari kama kumi) ya vichwa vigumu, na wa luteni usu, afisa wa cheo cha mwanzo, anayesimama mbele ya platuni (seksheni kadhaa) yake ya kwanza huku nusu ya askari wakiwa wamemzidi umri. Siku itafika ambapo mmoja wao atakujibu kwa dharau mbele ya wenzake, na wote watakugeukia waone utafanya nini.

Viongozi wengi hukosea hapo kwa moja ya njia mbili. Kuna anayemeza, akijiambia kwamba ni neno tu, litapita. Kuna anayelipuka, akapayuka matusi, akaamuru watu wagaragare kwenye matope mpaka hasira yake ipoe. Mzizi wa makosa yote mawili ni uleule: kiongozi ameichukua dharau kuwa jambo lake binafsi. Heshima inayodaiwa jeshini inadaiwa kwa ajili ya kazi. Amri inayobezwa leo kwenye bohari itabezwa siku ambayo risasi zinapita, na atakayeumia huenda akawa askari ambaye hakufungua mdomo wake kabisa. Ndiyo maana huna ruhusa ya kuiachilia dharau kana kwamba heshima hiyo ni mali yako ya kugawa, na huna ruhusa ya kuilipizia kisasi.

Kabla ya yote, keti usome sheria na kanuni za jeshi lako. Jua nani ana mamlaka ya kuadhibu na nani hana. Katika majeshi mengi koplo, sajenti na hata luteni usu wanaweza kuonya, kurekebisha na kuripoti, lakini adhabu yenyewe iko mikononi mwa kamanda wa kombania (platuni kadhaa pamoja) au mkuu wa kikosi. Anayeadhibu bila mamlaka naye amevunja nidhamu.

Hatua ya 1: Jua ulicho nacho mbele yako

Si kila kinachokuudhi ni utovu wa nidhamu. Askari anayesema, "Afande, naomba kusema jambo. Njia hiyo ina maji mengi, gari halitapita," hajakudharau. Amekusaidia. Ukimkaripia huyo, kesho atakaa kimya na gari litazama. Kadhalika askari aliyekunja uso kwa uchovu baada ya lindo la usiku kucha hajafanya kosa, amechoka.

Dharau ina sura nyingi, na nyingine hazina neno hata moja. Saluti ya mkono uliolegea huku macho yakiangalia pembeni. "Ndiyo, afande" inayovutwa mpaka wenzake wacheke. Kuchelewa dakika mbili kila siku, makusudi. Kutimiza amri kwa namna ya kuiharibu: umesema vifaa vipangwe kando ya ukuta, naye anavipanga kando ya ukuta kwenye mvua ilhali anajua ulimaanisha ndani. Siku hizi kuna pia vijembe kwenye makundi ya WhatsApp, ambavyo husomwa na kombania nzima kabla wewe hujaviona.

Sheria za kijeshi hutenganisha makosa haya, na wewe uyatenganishe kichwani. Sheria ya kijeshi ya Marekani, iliyoanza kutumika mwaka 1951, ni mfano mzuri. Kifungu cha 89 kinahusu kumvunjia heshima afisa aliye juu yako. Cha 91 kinawalinda maafisa wateule (wenye cheo kati ya sajenti na afisa), masajenti na makoplo dhidi ya dharau na ukaidi. Kukataa makusudi amri ya afisa kuna kifungu chake, cha 90. Na kushindwa kutii amri au kanuni kwa jumla kuna cha 92. Neno la dharau ni kitu kimoja, kukataa amri ni kingine, kutishia au kunyanyua mkono ni kingine kabisa. Kiongozi anayeyachanganya huandika "utovu wa nidhamu" kwenye ripoti na kudhani amesema kitu.

Vipi maneno uliyosemwa ukiwa haupo? Mwongozo wa mahakama za kijeshi za Marekani unasema kwamba, kwa kawaida, mtu asishtakiwe kwa aliyoyasema katika mazungumzo ya faragha tu. Naona ni busara hata pale ambapo sheria haisemi hivyo. Askari wamenung'unikia wakubwa wao tangu majeshi yawepo. Ukianza kusaka kila alichosema mtu kitandani pake baada ya taa kuzimwa, utakuwa umejenga mtandao wa wambeya, na wambeya ni hatari kwa kikosi kuliko mnung'unikaji. Neno likifika hadharani, kwenye gwaride, kwenye simu ya upepo au kwenye kundi la mtandaoni la kikosi, hapo limekuwa lako kulishughulikia.

Hatua ya 2: Sekunde za mwanzo

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Chukua hali hii. Ni saa kumi na moja alfajiri, platuni inaandaa magari. Luteni usu, mwezi wake wa kwanza, anamwambia sajenti wa platuni kwamba kila gari likaguliwe mafuta, maji na matairi kabla ya saa kumi na mbili. Koplo mmoja mkongwe, aliyeegemea bodi ya gari, anasema kwa sauti ya kusikika: "Haya ya kwenye vitabu haya. Magari haya tunayaendesha tangu wewe uko shule ya msingi." Askari wawili wanacheka, wengine wanatazama chini.

Luteni usu afanye nini? Kwanza asimame palepale alipo. Asimsogelee koplo kifua kwa kifua, asimnyooshee kidole, asimguse. Avute pumzi moja. Kisha aseme kwa sauti ya kawaida, chini kidogo ya ile aliyotolea amri:

"Koplo. Mguu sawa."

Angoje mpaka amri hiyo itimie. Ukimya huo una uzito kuliko hotuba.

"Ukaguzi utafanyika kama nilivyosema. Wewe anza na gari la tatu. Saa mbili kamili uripoti ofisini kwangu."

Halafu amgeukie sajenti: "Sajenti, endelea."

Kwisha. Tazama ambacho hakukifanya. Hakujibu habari ya umri wala ya vitabu, kwa kuwa angejibu angekuwa ameingia kwenye mabishano na mtu asiyepaswa kubishana naye. Hakuwatafuta waliocheka. Hakutoa tishio la "utaniona". Platuni imeona mambo matatu: dharau imesikika, kazi haikusimama, na mhusika ana miadi ya saa mbili. Koplo naye ameachiwa mlango wa kutokea. Amepewa gari la kukagua, na mikono yenye kazi hupoza kichwa.

Kumkosoa mtu faraghani ni kanuni nzuri, lakini wapo wanaoitafsiri vibaya, wakajifanya hawakusikia kitu hadharani ili wakaongee pembeni baadaye. Dharau iliyotokea mbele ya watu inahitaji kusimamishwa mbele ya watu hao hao, kwa maneno machache. Kinachohamia faraghani ni mazungumzo.

Kuhusu kumgusa mtu, sina maneno laini. Usimguse. Agosti 1943 huko Sicily, Jenerali George Patton, mmoja wa makamanda hodari wa Marekani katika Vita ya Pili ya Dunia, aliwapiga makofi askari wawili, siku tofauti, katika mahema ya hospitali, akiwaona waoga kwa kuwa hawakuwa na majeraha ya kuonekana. Mmoja wao ilibainika alikuwa na malaria na kuhara damu. Jenerali Eisenhower, mkubwa wake, alimkaripia Patton kwa barua na kumtaka aombe radhi, na Patton akakaa miezi mingi bila kuongoza jeshi vitani. Ikiwa jenerali mwenye ushindi mkononi hakusalimika, sajenti mwenye seksheni ya watu kumi asitegemee kusalimika.

Hatua ya 3: Akikataa amri, ifanye amri iwe wazi

Dharau ikivuka na kuwa kukataa kazi, badilisha mwendo. Sasa lengo lako ni kumpa nafasi halisi ya kutii na, asipotii, kusiwe na shaka lolote juu ya kilichotokea.

Mwite kwa cheo chake. Toa amri kwa sentensi moja yenye kitendo, mahali na muda: "Praiveti, beba sanduku hilo la risasi ulipeleke kwenye gari la pili sasa hivi." Muulize kama ameielewa. Mwambie kwamba hiyo ni amri. Mpe muda wa kutosha kuanza kuitimiza. Hakikisha yupo mtu wa tatu anayesikia, ikiwezekana mwenye cheo. Asipotekeleza, usiirudie mara kumi. Amri inayorudiwa mara kumi inakuwa ombi. Mwondoe kwenye kazi hiyo, mpe mwingine aifanye, ripoti kwa mkubwa wako mara moja.

Lakini kabla hujafika huko, jiulize: amri yenyewe ni halali? Mahakama ya Nuremberg, iliyowahukumu viongozi wa Kinazi mwaka 1945 na 1946, ilikataa utetezi wa "niliamriwa" kuwa kinga ya makosa ya kivita. Maana yake ni kwamba askari anayekataa kumpiga risasi mateka hajakuvunjia heshima. Ametimiza wajibu wake, na anayestahili kuripotiwa ni aliyetoa amri. Huo ni mfano wa mbali. Wa karibu ni huu: kumtuma askari akakufulie nguo za nyumbani, akachote maji ya familia yako, au akukopeshe fedha. Amri halali huhusu kazi ya jeshi. Akisita kwenye shughuli zako binafsi, usikimbilie kitabu cha sheria, maana kitabu hicho kitakugeukia wewe.

Hatua ya 4: Jikague kabla ya saa mbili

Kati ya tukio na mazungumzo una muda. Utumie kujitazama.

Ulimtukana kwanza? Ulimwita kwa jina la kejeli, ukagusa kabila lake, dini yake, mama yake? Ulimwaibisha jana mbele ya kuruta? Ulitoa amri tatu zinazopingana ndani ya saa moja? Ulikuwa umelewa? Sheria ya Marekani niliyoitaja ina jambo ambalo kila kiongozi afaa kulijua: mkubwa ambaye mwenendo wake kwa askari husika umepotoka mno na viwango vya cheo chake hupoteza ulinzi wa kifungu cha dharau. Yaani cheo kinaweza kukuvuka kwa matendo yako mwenyewe. Hata pale ambapo sheria ya jeshi lako haisemi hivyo waziwazi, mkuu wa kikosi atakayesikiliza shauri atauliza maswali hayo hayo.

Mwaka 1879, Jenerali John Schofield, mkuu wa chuo cha kijeshi cha West Point, aliwaambia makadeti wake kwamba nidhamu ya kutegemewa vitani haipatikani kwa ukali wala uonevu, na kwamba kutendewa hivyo huelekea zaidi kuliharibu jeshi kuliko kulijenga. Aliongeza kuwa anayewaheshimu wengine hawezi kukosa kuwafanya wamheshimu. Aliyesema hayo alikuwa amepigana vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani na kuongoza majeshi. Haikuwa lugha ya mtu laini.

Kama kweli ulikosea, utalisema ndani ya mazungumzo, kwa ufupi, bila kulifanya kosa lake lipotee. Kukosea kwako ni jambo moja na maneno yake ni jingine; kila moja lijibiwe.

Jikague pia kwa wakubwa wako. Ukikaa mesini na askari wako mkimcheka kamanda wa kombania, umewafundisha kucheka kamanda. Juni 2010 Jenerali Stanley McChrystal wa Marekani, aliyekuwa akiongoza vita Afghanistan, alilazimika kujiuzulu baada ya jarida moja kuchapisha maneno ya kejeli aliyoyasema yeye na wasaidizi wake juu ya viongozi wa kiraia. Mengi ya maneno yale yalitoka kwa wasaidizi. Walikuwa wamezoea.

Hatua ya 5: Mazungumzo

Yafanyike lini? Siku hiyohiyo kama umetulia na kosa ni dogo. Kama bado unatetemeka, au jambo linaelekea kwenye adhabu, lala kwanza. Jeshi la Ujerumani limeliweka hili kwenye sheria: kamanda hatoi adhabu ya kinidhamu mpaka usiku mmoja upite, na askari mwenye malalamiko dhidi ya mkubwa wake naye hayapeleki mpaka usiku mmoja upite. Sheria hiyo inawajua binadamu.

Usimngoje wiki nzima lakini. Kosa la Jumatatu linalozungumzwa Ijumaa limegeuka kinyongo.

Chumba kiwe kimya, simu zizimwe. Awepo shahidi mmoja mwenye cheo, hasa sajenti wa platuni, na hasa pale ambapo wewe na askari ni jinsia tofauti. Shahidi anakaa kimya. Askari anaripoti kwa taratibu zote: saluti, mguu sawa, cheo na jina. Taratibu hizo zimrudishe kwenye nafasi yake bila wewe kusema chochote.

Turudi kwa yule koplo. Ni saa mbili kamili.

"Leo saa kumi na moja alfajiri, nilipotoa amri ya ukaguzi wa magari, ulisema haya mbele ya platuni." Luteni usu anasoma maneno yenyewe kutoka kwenye kijitabu chake, bila kuongeza chumvi. "Ni kweli uliyasema?"

"Ni kweli, afande."

"Simama mguu pande. Nieleze."

Hapo anyamaze. Kunyamaza ni kazi ngumu kwa kiongozi kijana, na ndiyo kazi yenyewe.

Koplo anatazama ukutani kidogo. "Afande, magari yale niliyakagua saa nane usiku nilipotoka lindo. Mafuta, maji, matairi, yote. Nikayaandika. Halafu asubuhi naambiwa yakaguliwe kana kwamba hakuna aliyefanya kitu."

"Sikuambiwa hilo, na nilistahili kuambiwa. Nitalifuatilia na sajenti. Lakini ulikuwa na njia ya kunieleza: 'Afande, magari yamekaguliwa saa nane, orodha hii hapa.' Ningekushukuru mbele ya wote. Ulichosema hakikunieleza habari ya magari hata kidogo. Kiliwaeleza vijana kwamba amri inaweza kuchekwa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, afande. Naomba radhi."

"Nimeipokea. Kuanzia leo ripoti ya ukaguzi wa usiku utaniletea wewe mwenyewe, kabla ya gwaride la asubuhi. Likijirudia lililotokea leo, nitalipeleka kwa kamanda wa kombania. Mguu sawa. Unaweza kwenda."

Dakika tano. Malalamiko yake yamepewa haki yake na maneno yake yamepewa jibu lake, bila moja kulifunika jingine. Amepata pia kazi inayotambua uzoefu wake. Hajapewa kazi hiyo kama zawadi. Pengo la taarifa lilikuwepo kweli na yeye ndiye anayeweza kuliziba.

Mara nyingine hutapata jibu la wazi hivyo. Utapata "Hakuna, afande" na uso mgumu. Uliza kuhusu usingizi, nyumbani, afya, mshahara uliokwama, likizo iliyokataliwa, cheo alichokitarajia kikaenda kwa mwingine. Askari aliyekuwa na adabu miaka mingi akabadilika ghafla, usimtazame kama mkorofi tu. Pombe, msiba, au mambo aliyoyaona kwenye operesheni huweza kutoka mdomoni kama dharau. Mpeleke kwa daktari au kwa kasisi au imamu wa kikosi. Kumsaidia hakufuti kosa, lakini kunaweza kuzuia lijalo, na pengine kuokoa maisha yake.

Hatua ya 6: Chagua hatua inayotosha

Anza na ndogo kabisa inayoweza kufanya kazi. Onyo la mdomo linatosha kwa kosa la mara ya kwanza la mtu mwenye rekodi nzuri. Likirudi, onyo la maandishi analolisaini. Likiendelea, ripoti kwa mwenye mamlaka ya adhabu. Mahakama ya kijeshi ni ya makosa mazito: kukaidi makusudi, kutishia, kupiga.

Katikati yake kuna mafunzo ya marekebisho, na hapa tahadhari. Kanuni za jeshi la nchi kavu la Marekani zinataka mafunzo hayo yahusiane moja kwa moja na upungufu wenyewe. Kanuni hiyo ifuate hata kama jeshi lako halijaiandika. Aliyepiga saluti ya kejeli afanye mazoezi ya gwaride na saluti kwa nusu saa baada ya kazi, akisimamiwa. Aliyebeza amri ya redioni ajifunze upya taratibu za mawasiliano na kuwafundisha wenzake. Kumpigisha pushapu mia tatu juani kwa sababu alikujibu vibaya hakumfundishi kitu zaidi ya kwamba una nguvu, na hilo alilijua tayari.

Usiiadhibu platuni nzima kwa kosa la mtu mmoja. Najua ni desturi kwingi, na wapo wanaoitetea kwa kusema askari watamrekebisha wenyewe. Huwa wanamrekebisha usiku, kwa mablanketi na ngumi. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, kifungu cha 87, unakataza adhabu ya pamoja kwa kosa la mtu mmoja, na adhabu ya viboko, kwa mateka wa vita. Adui aliyetekwa amekingwa na hayo. Askari wako mwenyewe asipungukiwe na adui.

Usimnyime pia chakula, maji, usingizi au matibabu. Usimpangie malindo ya mfululizo kimyakimya kama njia ya kumkomoa. Kila mtu anaiona orodha ya zamu na kila mtu anajua kusoma.

Hatua ya 7: Andika

Andika siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, waliokuwepo, maneno yenyewe, amri uliyotoa, alichofanya, ulichofanya wewe.

"Koplo alinidharau na ana tabia mbaya" haina thamani yoyote. "Saa 11:05 alfajiri, uwanja wa magari, mbele ya platuni, alisema: 'Haya ya kwenye vitabu haya...' Nilimwamuru mguu sawa, akatii. Nilimpa gari la tatu, akalikagua" inamsaidia kila mtu, koplo akiwemo, kwa kuwa inaonyesha alitii. Andika na mazuri yake pia. Faili lenye makosa peke yake humfanya msomaji aanze kumshuku mwandishi.

Hatua ya 8: Hali zinazohitaji mwendo wake

Rafiki yako wa jana. Hii naiona ngumu kuliko zote. Umepandishwa kuwa koplo, bado mnalala bweni moja, na rafiki yako anakuita kwa jina la utani mbele ya kuruta. Usisubiri lizoeleke. Mwite pembeni ndani ya siku za kwanza: "Ndugu yangu, tukiwa wawili mimi ni yuleyule. Mbele ya seksheni niite koplo. Nikikuachia wewe, siwezi kumkataza mwingine." Wengi huelewa. Asiyeelewa anaonywa kama askari mwingine yeyote, na kama inawezekana omba mmoja wenu ahamishiwe seksheni nyingine. Urafiki unaweza kupoa. Cheo kina gharama hiyo.

Mkongwe na afisa kijana. Sajenti mwenye miaka mingi kazini akikubeza, usishindane naye kwa ujuzi, utashindwa. Mweleze unachokitaka kitimie na kwa muda gani, muulize njia aionayo bora, kisha uamue wewe. Wengi wao hukasirishwa na kutoulizwa. Akiendelea kukudhoofisha mbele ya askari, usilijibu mbele yao. Mwone peke yake, kisha sajenti meja wa kombania, ambaye ana lugha ya kuzungumza naye ambayo wewe bado huna.

Kiongozi mwanamke. Dharau inayopewa mwanamke mwenye cheo mara nyingi huvaa nguo ya utani: kuitwa "dada" badala ya "afande", kusifiwa umbo kwenye gwaride, amri yake kupelekwa kwa mwanamume wa cheo cha chini ili "ithibitishwe". Sahihisha mara ya kwanza, kwa sentensi moja: "Niite kwa cheo changu." Maneno ya kimapenzi si dharau ya kawaida, ni unyanyasaji, yaripoti kwa njia ya unyanyasaji. Na wewe mwanamume uliyeletewa amri ya mwanamke huyo uithibitishe, irudishe: "Amri ameshatoa afande. Kaitimize."

Aliyelewa. Usibishane na pombe. Mwondoe kwenye silaha na magari, mweke chini ya uangalizi wa mtu makini, alale kwa ubavu, na daktari amwone kama hali si nzuri. Ya nidhamu yangoje kesho akiwa na akili zake.

Mwenye silaha na hasira. Usalama kwanza, heshima baadaye. Tuliza sauti, ongeza nafasi kati yenu, waondoe wengine, mtumie mtu anayeaminiwa naye, mtoe lindoni bila kumwaibisha, silaha ichukuliwe kwa utaratibu. Hapo si mahali pa kudai saluti.

Wengi kwa pamoja. Seksheni nzima ikigoma, hilo limeacha kuwa dharau. Katika sheria za majeshi mengi, askari kukubaliana kukataa amri huingia kwenye uasi, kosa zito kupita mengine karibu yote. Ripoti juu papo hapo, usijaribu kulimaliza peke yako, na usilifiche kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Lakini sikiliza wanachodai. Watu kumi hawagomi siku moja bila sababu: chakula kibovu, posho iliyochelewa, au sajenti mwenye mkono mwepesi.

Hatua ya 9: Baada ya hapo

Ulichoahidi, kifanye. Kama ulisema utalifuatilia jambo la ukaguzi wa usiku na sajenti, lifuatilie leo. Kama ulisema likirudi utaripoti, likirudi ripoti. Onyo lisilotekelezwa linawafundisha wote kwamba la kwanza halikuwa na maana.

Mpe kazi halisi ndani ya siku chache, yenye uwajibikaji, na akiifanya vizuri sema hivyo mbele ya walewale waliosikia dharau. Usimkumbushe kosa kila mnapokutana, usilifanye hadithi ya mesini, usimtolee mfano kwenye gwaride. Amekwisha kuadhibiwa.

Mwangalie kwa muda. Baada ya mwezi, zungumza naye tena dakika chache, na safari hii mwanzie mazungumzo kwenye kazi yake. Kama amebadilika, andika hilo kwenye faili kwa tarehe. Kama hajabadilika, una kumbukumbu zote za kumpelekea kamanda wa kombania, na shauri halitasimama kwenye neno lako dhidi ya lake.

Ukihamishwa, mkabidhi anayekuja faili kama lilivyo. Usimnong'oneze kwamba koplo fulani ni mkorofi. Yaliyoandikwa atayasoma, na askari apate kuanza na kiongozi mpya bila hasira zako kutangulia kumsalimia.